Skrini Ilipoganda

Tarehe 4 Februari

Chiriku wangu,

Usishtuke kuona barua. Najua una simu, na mimi ninayo. Lakini mtu anayepokea simu za dharura kutwa nzima, akifika nyumbani simu ikalia, hujikuta anataka kuuliza "mgonjwa yuko wapi?" hata kama anayepiga ni mdogo wake mwenye habari za viatu vipya. Kwa hiyo nakuandikia. Na wewe ukijibu, jibu kwa kalamu, tuone kama hao waajiri wako hawajakusahaulisha mwandiko.

Sisi wazima. Nipo likizo fupi. Nimepaka rangi jikoni, na shemeji yako anapita humo akijikunyata kama mgeni asiyetaka kuchafua. Anasema ukuta wa kijani unamfanya ajione yuko hospitali. Atazoea.

Nina swali, na usinicheke. Ile programu tunayotumia kazini kupangia magari ya wagonjwa si ndiyo inayotengenezwa hapo kwenu? Je, inaweza kunyamaza huku skrini inawaka? Yaani ramani unaiona, magari unayaona, ila ukibonyeza hakuna kinachosogea, halafu baada ya muda kila kitu kinaruka kwa mpigo mmoja. Kuna mwenzangu mmoja kazini anasema ilimtokea, na hakuna anayemwamini. Nimemwahidi nitakuuliza.

Kula vizuri. Ukikonda nitajua hata kwa mwandiko.

Dada yako mkubwa


Tarehe 15 Februari

Da' Mkubwa,

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Kijani! Mpe pole shemeji.

Habari kubwa ni kwamba tangu mwezi uliopita nimehamishiwa kwenye kundi linaloitunza programu hiyo hiyo unayoniuliza. Tuko wachache kwenye chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, na mimi nimepewa meza ya upande usio na madirisha, kama inavyostahili mgeni. Mkuu wetu wa idara tunamwita Bwana Baadaye, kwa sababu kila ukimpelekea jambo jibu lake ni hilo. Mtu mpole, ana shahada zimejaa ukutani, na programu hii aliianzisha yeye mwenyewe. Ni mboni ya jicho lake.

Kuhusu mwenzako, mwambie kwa upole kwamba haiwezekani. Nimemuuliza Bwana Baadaye, akasema programu haijaanguka hata mara moja tangu iwekwe kwenye vituo. Mimi naona hivi: mtu akipatwa na hofu anaganda yeye, halafu kumbukumbu yake inamwambia mashine ndiyo iliyoganda. Si uongo, ni ubinadamu. Lakini asiitupie programu lawama, na wewe usimtetee kwa sababu tu mnakunywa chai meza moja. Akubali, apumzike, maisha yaendelee.

Niambie likizo inaisha lini, nije nione huo ukuta.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 22 Februari

Chiriku,

Mwenzangu huyo ni mimi. Na sipo likizo. Nimesimamishwa kazi.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka jibu la mtaalamu, si la mdogo wangu anayenihurumia. Nimelipata.

Sasa sikiliza kilichotokea. Alipiga simu mama mmoja, mumewe fundi seremala ameanguka kutoka juu ya paa walilokuwa wanaezeka. Anapumua, lakini hajibu. Ramani ilionyesha gari letu limesimama kituo cha mafuta, mtaa wa pili tu kutoka kwake. Nikamwambia, "Subiri mama, gari nakutumia sasa hivi." Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Ramani inawaka, magari yametulia kama picha ya ukutani. Yule mama anauliza, "Upo? Dada, upo?" na mimi sina la kumwambia, kwa sababu sijui kama gari limekwenda au halikwenda. Ilipozinduka, ilikubali amri yangu. Kumbe lile gari lilikuwa limeshaondoka kituo cha mafuta zamani, limebeba mgonjwa mwingine, na mimi nilikuwa naangalia mahali lilipokuwa, si lilipo. Nikaanza upya kutafuta gari jingine. Lilipofika, fundi alikuwa ameshafariki.

Simu zote zinarekodiwa. Kwenye rekodi inasikika sauti yangu, halafu kimya kirefu, na sauti ya yule mama akiniita. Mkuu wa kituo anasema ukimya ule ni wangu: nilisitasita. Wameniandalia karatasi nisaini kwamba nilipatwa na hofu. Nikisaini wananihamishia stoo, mshahara ule ule, na jambo linaisha. Nisiposaini, kikao cha nidhamu.

Sisaini. Nimepokea simu za watu wanaoungua moto na sauti yangu haikutetemeka. Sitaandika kwa mkono wangu kwamba nilinyamaza kwa hofu mbele ya mwanamke anayelia.

Na wewe usiniandikie tena kunifundisha jinsi watu wanavyoganda.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Da' Mkubwa,

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, nikashindwa kupanda. Nisamehe. Nilijibu kama mtu wa kampuni kabla ya kujibu kama mtu. Sitajieleza zaidi ya hapo, maana najua ungependa nieleze nilichofanya, si ninavyojisikia.

Nilichofanya ni kutafuta. Programu yetu huacha alama za kila inachokifanya, lakini alama za aina moja zilikuwa zimezimwa ili zisijaze nafasi. Nimeziwasha kwenye mashine ya majaribio, nikaipa programu kazi ya siku nzima ya kituo chenye magari mengi. Na inaganda, dada. Haianguki, ndiyo maana Bwana Baadaye anaapa haijawahi kuanguka. Inasimama tuli, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu yake ni hii. Kila gari linatuma mahali lilipo, tena na tena, kila sekunde. Kila ujumbe ukifika, programu inakata kipande cha kumbukumbu ya mashine na kutengeneza kitu kipya cha kuuhifadhi. Vitu vikipitwa na wakati, sisi hatuvitupi wenyewe. Ndani ya mfumo kuna mfagiaji, kazi yake ni kukusanya takataka ili nafasi itumike tena. Ni msaada mkubwa. Bila yeye tungekuwa tunasahau kutupa taka na mashine ingejaa. Lakini huyu wetu ni wa aina ya kale. Nafasi ikikaribia kujaa, anawaambia wote: simameni palepale mlipo. Hakuna ramani kusogea, hakuna amri kupokelewa, mpaka amalize kufagia. Wewe ulibonyeza akiwa katikati ya kazi.

Nimempelekea Bwana Baadaye. Ameangalia, amekohoa, akasema wateja wataongezewa kumbukumbu mara mbili kwenye mashine zao na tatizo litakwisha. Kuhusu wewe, akasema kesi ya mtumishi wa kituo si kazi ya idara yetu.

Alitaka niishie hapo. Sijaishia.

Chiriku wako


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Nimekusamehe kabla stempu haijakauka, ila nitakusumbua nayo mpaka uzeeni.

Nimesoma habari za mfagiaji mara mbili. Shemeji yako naye kasoma. Amesema, "Sasa si wampe ufagio mkubwa zaidi?" Nikamwambia huyo ndiye Bwana Baadaye mwenyewe, amekuja kuishi kwangu.

Kikao kimepangwa wiki ya pili ya Aprili. Mkuu wa kituo alipita nyumbani jana, akakaa jikoni, akasifia rangi. Akaongea kwa sauti ya kubembeleza. Kwamba mimi ni hodari, kwamba kila mtu ana siku yake mbaya, kwamba stoo kuna dirisha na feni. Nikamuuliza kama yeye amewahi kukaa kwenye kiti changu hata siku moja. Akasema uongozi ni kazi ya aina yake. Nikamwongezea chai, nikamnyima saini.

Alipotoka, shemeji yako akaniambia polepole nisaini tu. Si kwamba haniamini. Anaogopa nitakosa vyote, kazi na heshima. Nilikasirika, tukalala mgongo kwa mgongo. Asubuhi nikamwambia kinachoniuma. Yule mama alipokuwa anauliza "upo?", alijua nimemtupa. Nikisaini, nitakuwa nimemthibitishia. Hajasema tena nisaini.

Sasa nieleze jambo moja, na ulieleze kwa lugha ya watu. Huku nao wanasema kumbukumbu inaongezwa mara mbili, kwa hiyo hata kama kulikuwa na kasoro, imetibiwa, na hakuna haja ya kuizungumzia kikaoni. Ni kweli imetibiwa? Nisije nikapigania jambo lililokwisha.

Sifi kikondoo, lakini sitaki kufa kijinga pia.

Dada yako


Tarehe 27 Machi

Da' Mkubwa,

Haijatibiwa. Imelimbikizwa.

Nilidhani, kama wote, kwamba mfagiaji anachelewa kwa sababu taka ni nyingi. Sivyo. Kinachomchelewesha ni vitu vilivyo hai. Ili ajue kipi ni taka, lazima kwanza afuate kila kinachotumika bado, kutoka kitu hadi kitu, akikitia alama. Kisichotiwa alama ndicho taka. Na programu yetu imepangwa ikumbuke safari za nyuma za magari kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukiipa nafasi mara mbili, inakumbuka mara mbili, na mfagiaji ana vitu mara mbili vya kufuata. Nimejaribu. Inaganda kwa nadra zaidi, lakini ikiganda, inaganda kwa muda mrefu kuliko ulioupata wewe. Hilo ndilo linalonitia hofu: itakaa wiki nzima vizuri, watu wataiamini, halafu siku moja itanyamaza na mtu kwenye laini.

Kuna la pili. Mahali gari lilipo ni namba mbili tu, pamoja na saa. Lakini tulivyoandika programu, kila namba ina boksi lake lenye lebo, na kuna boksi jingine la kusema yale mengine yako wapi, na yote yametawanyika huku na huko kwenye kumbukumbu. Unakumbuka mama alivyoweka vifungo vyote vya shati moja kwenye kopo moja? Sisi tumeweka kila kifungo chumba chake. Lebo zinakula nafasi kuliko namba zenyewe. Halafu kichakataji, yaani ubongo wa mashine, kikienda kuchota kitu, huchota na majirani zake kwa safari hiyo hiyo. Majirani wakiwa ndio vitu utakavyovihitaji, umeokoa safari nyingi. Wakiwa wageni wasiohusika, safari imepotea, inabidi kurudi tena na tena. Ndiyo maana ramani ilikuwa nzito hata siku ambazo haigandi.

Nimeandika sehemu hiyo upya. Namba zote ziko kwenye safu ndefu, bega kwa bega, bila maboksi. Safari ya zamani ikiisha kazi, mpya inaandikwa palepale juu yake. Mfagiaji akija anakuta safu chache tu, ndani hamna uzi wa kufuata, anapita zake. Nimeipa siku nzima ile ile ya kituo kikubwa. Kituo kinatembea kama maji.

Bwana Baadaye alikuja mezani kwangu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Akaangalia muda mrefu. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Ukilipeleka hili kwa wateja, unawaambia kwamba miaka yote tuliwauzia kitu kibovu." Nikamwambia tayari kuna mtu amekufa. Akasema, "Hilo huwezi kulithibitisha." Nikasema nitalithibitisha.

Na njia ya kulithibitisha ninayo. Wewe, kama mtumishi mwenye kesi, una haki ya kudai ushahidi wa siku ile. Dai kituo kikupe rekodi za magari za siku hiyo, kwa maandishi, na uwape nafasi ya kukataa kwa maandishi. Nakutumia kwa basi la vifurushi kompyuta ndogo yenye programu ile ile mliyokuwa nayo, bila kubadilishwa kitu. Wakiingiza siku ile humo, itapita upya kama ilivyokuwa. Maelekezo nimeyaandika, na chini nimeweka jina langu kamili na cheo changu. Wakiniuliza, nipo.

Chiriku


Tarehe 11 Aprili

Chiriku wangu,

Kikao kilikuwa jana. Nakuandikia kabla sijaanza kutia chumvi.

Rekodi walizikatalia mwanzoni, wakasema ni mali ya kituo. Nikawaomba waandike hivyo na kutia sahihi. Kalamu ikawa nzito, wakazitoa. Fundi wa mitambo wa kituo ndiye aliyeziingiza kwenye kompyuta yako, mbele ya wajumbe wote, kwa hiyo hakuna wa kusema nimechezea.

Walikuwa wajumbe watano, mezani kuna chupa za maji zisizofunguliwa. Mwenyekiti ni daktari mstaafu, mwanamke mkavu asiyecheka. Mkuu wa kituo alizungumza kwanza, akapiga ile rekodi ya sauti. Nilijilazimisha kuisikiliza yote. Chumba kizima kilinitazama wakati wa ule ukimya.

Zamu yangu ilipofika sikujitetea. Niliomba mkuu wa kituo akae mbele ya kompyuta, kwenye kiti changu kwa siku moja, na apokee simu ile mwenyewe. Akasema huo ni mchezo. Mwenyekiti akamwambia akae.

Basi siku ile ikaanza kupita. Magari yanasogea. Nikasimama nyuma yake nikasoma maneno ya yule mama, sikuigiza, nilisoma tu. Akaliona gari la kituo cha mafuta. Hata yeye aliliona, kwa sababu yeyote angeliona. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mimi nikaendelea kusoma: "Upo? Dada, upo?" Akageuka kuniangalia, jasho limemtoka kipajini, akasema, "Imeganda."

Nikamwambia, "Mgonjwa anasubiri. Usiniambie mimi. Mwambie mkewe."

Hakusema kitu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sasa naujua mshindo wenyewe. Halafu ramani ikaruka kwa mpigo mmoja.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Wajumbe wakaamua palepale. Nimerudishiwa kazi yangu, kwa maandishi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za jengo. Shemeji yako alikuwa amesubiri hapo tangu asubuhi. Alinishika tu mkono wenye begi.

Lakini kuna sumu kwenye asali. Mkuu wa kituo kanifuata baadaye. Anasema wamekubaliana na kampuni yenu kwamba jambo hili libaki ndani. Nisiende kwa yule mjane. Yeye ameshaambiwa ilikuwa bahati mbaya.

Sikumwahidi chochote. Wewe umepona huko?

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Da' Mkubwa,

Nimepona na sijapona.

Simu ilipigwa kutoka kwenu siku ile ile, na asubuhi nikaitwa juu. Bwana Baadaye na wakubwa wawili nisiowajua. Wakasema kazi yangu ni nzuri sana, wakanivika kilemba cha ukoka mpaka shingo ikauma. Kisha wakasema yafuatayo. Programu mpya itawekwa kituoni kwenu, kwa kuwa huko kelele imeshatokea. Vituo vingine vyote vitabaki na ile ya zamani mpaka mikataba itakapopitiwa. Nikauliza lini. Bwana Baadaye akafungua mdomo, na wallahi alikuwa anataka kusema lile neno, akajizuia.

Wakanipa njia mbili: niandike kwamba kasoro ni ya kituo chenu peke yake, nibaki, au nijiuzulu kwa amani na barua nzuri ya sifa. Nikawaambia sitaandika uongo na sitajiuzulu. Wakinitaka nje, wanifukuze wao, na kwenye barua waandike sababu. Sasa nakuja kazini kila siku, nakaa kwenye meza isiyo na kazi. Wenzangu wengine hawanisalimii. Lakini jana msichana wa meza ya dirishani aliniomba nimfundishe kupanga namba kwenye safu. Leo wamekuja watatu. Bwana Baadaye alipita, akaona tumeinama wote kwenye skrini moja, akaendelea na safari yake.

Sikwambii ufanye nini kuhusu yule mjane. Nakwambia tu kwamba ulichokionyesha kikaoni si siri ya kampuni. Ni siku ya mume wake.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Chiriku,

Nimekwenda.

Nilivaa nguo za kawaida, si sare. Anakaa nyuma ya karakana. Mbao bado zimeegemezwa ukutani, na mwanawe mkubwa anazimalizia oda za baba yake. Nilipojitambulisha, nilitegemea anifukuze. Alinitazama usoni, kisha akaniomba niseme neno lolote. Nikasema, "Pole sana, mama." Akafumba macho. Akasema, "Ndiyo, ni wewe."

Nikamweleza yote. Sikuficha kwamba gari nililomchagulia halikuwepo pale. Nilimweleza habari za mfagiaji nilivyoweza, na kwamba mumewe labda angekufa hata hivyo, na labda asingekufa, na hakuna mtu duniani anayeweza kumpa jibu la hilo. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Akaniambia amekuwa akiamini siku zote hizi kwamba nilikata simu, kwamba nilimsikia analia nikachoka naye. Nikamwambia sikukata. Nilikuwepo muda wote.

Alilia, nami nililia, na kijana wa karakana akaacha kupiga randa.

Baadaye alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akauliza kama vituo vingine bado vinatumia programu ile ile. Nikamwambia ndiyo. Akauliza vingapi. Nikamwambia karibu vyote. Akauliza ni nani anayeweza kuwaamuru waibadilishe. Nikamtajia wizara, na nikamwonya kwamba huko tutazungushwa mlango hadi mlango, na kwamba mimi naweza kukosa kazi kabisa, na wewe pia.

Alikuwa ameshainuka kutafuta viatu vyake.

"Wanafungua saa ngapi?" akaniuliza.

Dada yako mkubwa